Siku Masikio Yote Yalipofaulu

Kama ujinga ungeuzwa kwa kilo, kile kiwanda cha misumari kingetajirika bila kutoa hata msumari mmoja. Maneno hayo yalikuwa ya Mama Mizani, na aliyasema akijua anachosema, maana kupima kilo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikaa penye mizani kule mwisho wa ukumbi, misumari ilikomwagwa baada ya kuzungushwa na unga wa mbao kwenye pipa la kung'arishia. Aliipima, akaifunga kwenye katoni, akaandika uzito kwa chaki, na muda wote huo macho yake yalikuwa kwa wanaume wa mashine. Aliwatazama kwa dharau. Hakuificha dharau yake wala hakuona sababu ya kuificha, kwani mle ndani hata angeitangaza kwa tarumbeta hakuna ambaye angeisikia.

Mashine zilipangwa safu mbili, kila moja ikimeza waya upande mmoja na kutema misumari upande wa pili. Kati ya kumeza na kutema inabana, inakata, inagonga kichwa; inabana, inakata, inagonga kichwa; na ikigonga, meno yako yanajua. Moja peke yake inatosha kumtoa mgeni mbio. Zikiwaka zote, sakafu inatetemeka na chai inacheza ndani ya kikombe. Kwa hiyo wanaume wale walikwisha kuacha kutumia midomo zamani, wakawa wanazungumza kwa vidole. Kidole kikipinda, waya unakaribia kwisha. Kiganja juu ya kichwa, meneja anakuja. Ngumi shavuni, nani ana sigara. Kidole cha shahada kikiinuka, washa. Kilichobaki walikisoma midomoni. Waliweza kumsengenya mtu aliyewapa mgongo hatua chache tu kutoka kwao, na waliona fahari kubwa kwa hilo, mfano wa mtu aliyevunjika mguu akawa anajisifu jinsi anavyojua kuruka kwa mguu mmoja.

Bingwa wa vidole, na bingwa wa kila upuuzi mle ukumbini, alikuwa fundi mkuu wa mashine, ambaye wenzake walimwita Jemadari. Mama Mizani alimjua kuliko wote kwa bahati mbaya moja tu: alikuwa mume wake.

Ofisi ya kazi iliwahi kukilazimisha kiwanda kununua vifaa vya kuziba masikio. Vikaletwa vile vikubwa vya kuvaa kichwani, vinavyofunika sikio kama kikombe, na vile vidogo laini vya kusokomeza ndani. Ungedhani watu wangeshukuru. Jemadari alivitazama kama mtu mzima aliyeletewa nepi. "Maiti ndiye anayezibwa masikio kwa pamba," alisema, "na mimi bado natembea." Wenzake wakacheka, na kicheko hicho kikawa sheria. Tangu siku ile aliyeziba masikio aliulizwa mazishi ni saa ngapi. Mmoja akafanya vikombe vyake kuwa mahali pa kuwekea tumbaku, mwingine akampelekea mwanawe avae akicheza urubani, na vile vidogo vikatumika kuzibia bomba la chooni lililokuwa likidondoka. Mama Mizani alisema bomba lile lilikuwa na akili kuwashinda mafundi wote, maana lenyewe lilikubali kuzibwa.

"Mashine ni kama mke," Jemadari alipenda kuwaeleza wageni kazini. "Lazima umsikilize, ujue anaumwa wapi."

"Mke mwenyewe husikilizi," Mama Mizani alimjibu siku moja. Lakini alikuwa nyuma yake alipomjibu, na Jemadari akaendelea kuhutubia.

Na si kwamba mtu yule alizaliwa gogo. Zamani alikuwa mtu wa kunong'ona. Katika uchumba wao alimchekesha hata msibani, jambo la aibu tupu, kwa kumnong'oneza habari za kofia ya mjomba wake mpaka shangazi zake wakamtoa nje wakidhani kazidiwa na kilio. Ndicho kilichomfanya amkubali, maana sura yenyewe ilikuwa ya kawaida. Sasa katika nyumba yao ya vyumba viwili, yenye kuta ambazo ukikuna mgongo jirani anajua, hakukuwa tena na neno la kunong'ona. Redio ilifunguliwa mpaka mwisho. Simu ya bintiye aliipokea kwa kusema "ndiyo, ndiyo, vizuri," kwa kila kitu, hata alipoambiwa mkwewe amelazwa. Usiku mmoja Mama Mizani alimweleza kitandani, kwa sauti ambayo mumewe angeisikia, kwamba tumbo limemfunga. Asubuhi jirani akabisha hodi na papai.

Halafu kulikuwa na nyenze. Jemadari alilalamika kwamba kuna nyenze darini, wanamlilia kichwani usiku kucha. Akapanda darini na tochi. Akanunua dawa, akapuliza hadi nyumba nzima ikanuka, wakalala sebuleni na madirisha wazi wakipiga chafya. Nyenze hawakuondoka. "Hao wako ndani ya kichwa chako," mkewe alimwambia, akitamka polepole ausome mdomo. Jemadari alifikiri kidogo, akaenda kununua dawa ya kampuni nyingine.

Kwa jirani, Mama Mizani aliisimulia kama kichekesho, na kweli ilichekesha. Lakini alipobaki peke yake jikoni alilia, kwa hasira kuliko huzuni, kwani alikwisha kuuliza zahanati na jibu alilijua. Mlio ule ni sikio linalokufa. Lililokufa halifufuki, sikio halina spea. Ila kilichobaki kinaweza kulindwa, mradi kelele ipunguzwe mapema. Basi hicho ndicho alichokitaka, wala si kikubwa: kile kilichobaki. Alitaka mumewe abaki na sikio la kutosha kusikia mtu anayemnong'oneza akiwa karibu.

Alikuwa na njia yake. Seremala wa jirani alikuwa amewahi kutengeneza makasha ya kufunikia mashine kwenye kiwanda kingine, makasha mazito ya mbao yaliyotandikwa sponji nene ndani, yenye kidirisha cha fundi kuchungulia. Kelele inabaki ndani ya kasha, fundi anabaki nje, na hakuna anayehitaji kuvaa kitu cha kuchekwa. Hata mjinga anaweza kulindwa na kasha, kwa sababu halimwombi ruhusa.

Akampelekea meneja habari hiyo. Meneja huyu alikuwa mtu wa vioo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya ukumbi, imezungushiwa vioo viwiliviwili, na ukiingia ukafunga mlango unasikia saa ya ukutani ikigonga. Alipolazimika kushuka chini, alijisokomeza masikioni vizibo alivyopewa kwenye ndege, akaongezea na vidole juu yake, akapita kati ya mashine kwa ncha za viatu kama anavuka tope. Mtu huyo ndiye aliyemwambia Mama Mizani kwamba makasha ni anasa.

"Mama, hao mafundi wenyewe nimewauliza," alisema. "Wote wanasema hawasikii tatizo lolote."

"Ndilo tatizo lenyewe, bwana meneja."

Meneja alicheka kwa adabu, akatazama saa. Basi Mama Mizani akaanza kwenda ofisi ya kazi kila siku yake ya mapumziko, akakaa kwenye benchi lao na kikapu chake mapajani mpaka wakachoka kumwona. Mwishowe wakaamua: mpimaji wa masikio atapelekwa na gari lake kiwandani, awapime wanaume wote wa mashine. Wakionekana wameumia, kiwanda kitafunika mashine zote kwa gharama yake. Wakionekana wazima, hakuna makasha, na suala limefungwa. Meneja akakubali. Seremala akaja akapima mashine kwa futi kamba, akaenda zake kungojea.

Mama Mizani alipata usingizi mzuri wiki ile. Aliwajua wanaume wale, alijua kwamba karibu wote hawasikii hata honi ya lori mgongoni. Alichosahau ni kwamba mjinga hakosi njia ya kujidhuru.

Siku ya kupimwa mashine zilizimwa, na kimya kiliwafanya watu wakose pa kuweka mikono. Gari la kupimia liliegeshwa uani. Ndani yake kulikuwa na kijumba kidogo chenye kioo. Anayepimwa aliketi humo na vikombe masikioni, akatakiwa kuinua mkono kila anaposikia mlio. Mpimaji, binti mmoja mpole mwenye miwani, aliketi nje ya kijumba, uso wake kwenye mtambo wake. Kila alipotuma mlio, taa ndogo ya kijani iliwaka upande wake wa mtambo, aliyeketi kijumbani asiione. Kwa sababu ya joto mlango wa gari uliachwa wazi, na anayefuata zamu alisimama mlangoni pale, nyuma ya mpimaji, akingoja.

Mama Mizani alikuwa akifagia kando ya mizani, dirisha likitazama uani. Akamwona Jemadari kijumbani, ameketi wima kama bwana harusi. Akamwona rafiki yake Jemadari mlangoni, macho yamekodolea bega la mpimaji. Taa ya kijani ikawaka. Rafiki yule, mkono ukining'inia kando ya paja, akainua kidole cha shahada. Kijumbani Jemadari akainua mkono.

Taa. Kidole. Mkono.

Ufagio ukamponyoka. Ile lugha yao, waliyoibuni kwa sababu mashine zimeyaua masikio yao, sasa walikuwa wanaitumia kuficha kwamba masikio yamekufa. Na waliitumia vizuri! Laiti wangekuwa na nusu ya ustadi huo katika jambo lolote la maana. Jemadari akatoka, akasimama mlangoni, sasa ikawa zamu yake kumwinulia rafiki yake kidole. Wakafuatana hivyo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoka kijumbani huku akitabasamu kama aliyemwibia mwenye duka mchana kweupe. Duka lenyewe lilikuwa lao.

Alimkuta Jemadari saa ya chakula nyuma ya ghala, akila mkate na kujipongeza.

"Nimefaulu!" Jemadari alipaaza sauti, njiwa wakaruka juu ya paa. "Binti kasema nina masikio ya kijana!"

Mama Mizani alimshika kidevu, akamgeuza uso amtazame. "Nimekiona kidole," alisema polepole.

Jemadari alitazama kushoto na kulia. "Kidole gani?"

"Usinifanye mtoto. Mmedanganya kipimo. Kwa nini?"

"Mama, wewe hujui mambo ya wanaume. Tumeambiwa atakayeonekana kiziwi anarudishwa nyumbani."

"Nani kawaambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

Jemadari alitafuna mkate. Hakujua. Uvumi hauna mama, unaokotwa tu, na wao walikuwa wameuokota na kuulea.

"Sikiliza," Mama Mizani alisema, na neno hilo lenyewe likamtia uchungu. "Kama mngeonekana viziwi wote, wangewarudishaje nyumbani wote? Nani angebaki kupiga misumari? Meneja na tai yake?"

Jemadari aliacha kutafuna. Mkewe aliliona wazo likipita usoni mwake polepole, linagonga mlango huu na ule likitafuta pa kuingia.

"Hilo hatukulifikiria," alisema.

"Najua hamkulifikiria."

"Basi tumeshapimwa. Yamekwisha." Halafu akaona anavyotazamwa, sauti ikashuka, au yeye alidhani imeshuka. "Usiende kwa yule binti. Wale wote wananifuata mimi. Ukienda kunisema utakuwa umenivua nguo sokoni. Nakuomba, mke wangu."

Aliomba kwa macho ya mtu anayeogopa kweli. Mama Mizani alimwacha na mkate wake. Hakwenda kwa mpimaji, na kwa kutokwenda alijidharau naye kidogo, akajiongeza kwenye hesabu ya wajinga wa kiwanda.

Alasiri wakakusanywa uani. Meneja alishuka kutoka kwenye vioo vyake akiwa hana vizibo, mashine zimezimwa, uso umenawiri. Mkononi alikuwa na majibu.

"Ndugu zangu!" alisema. "Wote mmefaulu! Hakuna sikio moja bovu katika kiwanda hiki! Jemadari ndiye wa kwanza, masikio yake ni kama ya popo!"

Wakapiga makofi. Wale wa mbele walipiga kwa kuwa wameona midomo ya meneja, na wale wa nyuma kwa kuwa wamewaona wa mbele. Jemadari alipunga mkono.

"Sijawahi kuona majibu kama haya," mpimaji alisema taratibu, akivua miwani na kuifuta. "Hata wanaofanya kazi maktaba hawana masikio mazuri hivi. Nashangaa."

"Hakuna la kushangaa, ni hewa safi," meneja alisema. "Wewe tia sahihi tu, binti yangu." Halafu akageukia mafundi, akawatangazia kwamba kwa kuwa makasha hayahitajiki tena, kiwanda kitajiwekea kibao kipya langoni, chenye jina la kampuni na taa za kuzunguka. Wakapiga makofi tena. Watu walikuwa wanashangilia taa za langoni zilizonunuliwa kwa masikio yao, na mmoja wao alipiga mluzi.

Mpimaji akaivaa miwani, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akaifungua kalamu.

Hapo ndipo dharau ya Mama Mizani, iliyokuwa imekaa kimya miaka yote penye mizani, ilipoinuka na kutafuta kazi. Kama angepaaza sauti kwamba wamedanganya, wangekana wote, na Jemadari angekuwa wa kwanza kukana. Alikuwa amepima vitu maisha yake yote na alijua kwamba habishani mtu na mizani. Akasogea mbele akitabasamu.

"Bwana meneja, siku kama hii haipiti bila picha."

"Ehe! Umesema kweli, mama."

"Lakini wapigwe kwa mgongo. Jina la kampuni si liko mgongoni mwa maovaroli? Wakitazama ukuta, jina lote litaonekana. Picha hiyo ukiitundika langoni chini ya hizo taa..."

Meneja alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wazo zuri sana!" Akamwita karani wake aje na simu. Wakawapanga mafundi safu moja, nyuso ukutani na migongo uani, Jemadari katikati. Wakanyoosha mabega. Jemadari akawapitishia ishara kwa mkono chini: mtu asitikisike.

Uani kulikuwa kimya hata ungesikia njiwa wakikwaruza bati. Mama Mizani akasimama hatua chache nyuma ya migongo ile, kando ya meneja, mpimaji na karani. Akazungumza kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Jamani, nyoka. Nyoka mkubwa, anapita nyuma ya miguu yenu."

Meneja aliruka. Mtu yule mzito aliruka moja kwa moja juu ya katoni za misumari zilizokuwa zimepangwa nyuma yake, tai begani, akipiga kelele isiyo na heshima yoyote. Karani aliitupa simu, akakimbilia ndani ya gari. Fundi mmoja wa mwisho kabisa kwenye safu, aliyeajiriwa majuzi tu, alichomoka mbio hadi langoni. Jirani yake alimtupia jicho, akaona huyo kashikwa na tumbo, akarudisha uso ukutani.

Waliobaki walisimama. Migongo imenyooka, jina la kampuni limesomeka vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na miguu yao imetulia juu ya njia ya nyoka.

Mpimaji hakuruka. Alimtazama Mama Mizani, akaitazama migongo, akatazama mlango wa gari lake uliokuwa wazi. Mashavu yake yakawaka kwa aibu. Akaifunga kalamu.

Ingetosha. Lakini Mama Mizani hakuwa amemaliza. Alikwenda hadi nyuma ya mumewe, karibu kiasi cha kuona jasho limekauka chumvi kwenye ukosi wake.

"Baba watoto," alimwambia mgongo ule, kwa sauti ileile. "Nakudharau. Nakudharau kwa kujivunia masikio usiyokuwa nayo. Nakudharau kwa kuwafundisha wenzako ujinga na wakakushukuru. Na nina hamu na wewe. Unalala ubavuni mwangu kila siku na bado nina hamu na wewe, kwa sababu hakuna neno dogo ninaloweza kukuambia. Nilitaka wakubakizie hicho kidogo ulicho nacho, kiwe changu. Umekiuza kwa makofi."

Jemadari alipandisha mkono polepole, akautengeneza ukosi wake vizuri kwa ajili ya picha.

Halafu akachoka kungoja, akageuka na tabasamu lake. "Imetoka vizuri?" alinguruma.

Akamwona meneja juu ya katoni, ameshika tai. Akaiona simu chini na karani akichungulia kutoka garini. Akaliona pengo kwenye safu. Jemadari alikuwa hodari wa kusoma nyuso kuliko mtu yeyote, na hapo alisoma haraka, tabasamu likamwisha.

"Umesema nini?" alimuuliza mkewe.

Mama Mizani alimrudilia yote. Alimrudilia uso kwa uso, polepole, neno kwa neno, bila kupunguza hata moja. Wenzake nao walikuwa wamekwisha kugeuka, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mwanafunzi mzuri wa Jemadari katika kusoma midomo, wote waliyasoma. Yale ya dharau waliyasoma na ya hamu waliyasoma. Rafiki yake Jemadari aliinamisha kichwa akaanza kutazama viatu vyake.

Jemadari alifungua mdomo. Mkewe alijiandaa kwa mzaha, kwa neno la maiti na pamba, akawa tayari kumwacha palepale na kurudi kwenye mizani yake.

"Nipime tena," Jemadari alimwambia mpimaji, kwa sauti ile iliyotikisa bati. "Na mlango ufungwe."

"Amekwisha kupimwa!" meneja alipiga kelele kutoka juu. "Amefaulu! Ni popo!"

"Bwana meneja," mpimaji alisema, "shuka kwanza kwenye katoni."

Vidole vilikuwa vinamuuliza Jemadari kutoka kila upande, kulikoni, vipi, umerogwa? Alipita katikati yao hajamjibu hata mmoja. Karani alitolewa garini. Mpimaji akamwonyesha Mama Mizani aingie, akafunga mlango nyuma yake. Ndani kulikuwa na joto na nafasi ndogo, ikabidi asimame nyuma ya bega la mpimaji. Kutoka pale aliiona taa, na kupitia kioo alimwona mumewe na vikombe masikioni, mikono juu ya magoti, macho yamemwelekea yeye.

Taa ya kijani ikawaka. Jemadari akangoja. Ikawaka tena. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anatega sikio kwa nguvu zake zote, na paji la uso limejikunja kama la mtoto aliyeulizwa hesabu mbele ya darasa. Ikawaka. Mkono haukuinuka. Macho yake yalikuwa yakimwuliza, na Mama Mizani, aliyewadharau wote wale kutwa nzima, akakihisi kidole chake cha shahada kinaanza kunyanyuka chenyewe. Kidogo tu, mara moja tu, apumzike yule.

Akaitia mikono yote miwili mfukoni mwa aproni, akaikunja ngumi, akaishikilia humo, na taa ikawaka, ikawaka, ikawaka.